Myahudi wa Vitabuni na Mmanyema wa Vitabuni



Mazungumzo yetu ya jioni hii yahusu sura waliyopewa Wayahudi katika vitabu, katika michezo ya kuigiza, katika katuni na katika filamu, kwa muda wa karne nyingi na kwa lugha nyingi. Najua ya kuwa wengi wenu mtauliza, na swali hilo ni la haki, kwamba mkaaji wa hapa kwetu Kalima, katika Maniema, ambaye maisha yake yote hajapata kumkaribisha Myahudi nyumbani wala kununua kitu dukani kwake, ana haja gani na habari hizi. Jibu langu ni kwamba haja anayo, tena kubwa kuliko ya watu wengi wa dunia, kwa sababu sisi nasi tuliandikwa na watu wasiotujua, na yale tuliyoandikiwa yanafanana mno na yale waliyoandikiwa wao.

Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walioipita nchi yetu, Livingstone aliyefika Nyangwe mwaka 1871 na Stanley aliyefika hapo mwaka 1876, waliandika habari za Manyema kuwa ni nchi ya wala watu, na maandishi yao yakasomwa London, Paris na New York na watu ambao hawakuwa na njia ya kuwauliza Wamanyema wenyewe. Sifa hiyo mbaya iliandamana na mababu zetu hata Ujiji, Tabora na pwani, walikokwenda wengine kwa utumwa, wengine kwa upagazi na wengine kwa biashara. Na hata walipokwisha kuwa waungwana wenye mitaa yao, na wenye msikiti wao katika mji wa Dar es Salaam unaoitwa mpaka leo Msikiti wa Manyema, walikuwapo jirani waliowatazama kwa jicho la mashaka.

Tena kumbukeni yaliyotokea Kindu, katika Maniema yetu hii, tarehe 11 Novemba 1961. Warubani na mafundi 13 wa ndege, raia wa Italia, waliokuja kwa kazi ya Umoja wa Mataifa, walikamatwa na askari wa Kikongo waliowadhania kuwa ni wapiganaji wa upande wa Katanga iliyojitenga, wakauawa. Mauaji yale yalikuwa dhuluma, na hakuna mtu mwenye insafu awezaye kuyatetea. Lakini magazeti ya Ulaya hayakuridhika na dhuluma iliyotendeka. Yaliongeza ile yaliyoitazamia, yakaandika ya kwamba maiti wale walikatwakatwa wakaliwa. Mapema mwaka uliofuata maiti wakaonekana katika kijiji cha Tokolote, wamezikwa makaburini. Habari ya makaburi haikukimbia kwa mwendo wa ile habari ya kwanza, kwa maana ile ya kwanza ilikuwa na njia iliyokwisha kulimwa tangu zamani za Stanley, na hii ya pili haikuwa na njia.

Sasa na tutazame ya Wayahudi. Mwaka 1144, katika mji wa Norwich nchini Uingereza, mtoto mmoja jina lake William alionekana amekufa msituni, na baada ya miaka michache mtawa mmoja akaandika kitabu cha kuwashitaki Wayahudi wa mji ule kwamba ndio waliomwua kwa ibada yao. Hapakuwa na ushahidi. Lakini hadithi ile ilizaa nyingine mfano wake katika Uingereza, Ufaransa na Ujerumani, na kila ilipozaliwa iliongezewa jambo, mpaka ikawa Wayahudi wanadhaniwa kuwa huhitaji damu ya watoto wa Kikristo kwa mkate wa Pasaka yao. Na hali sheria ya dini yao, kama ajuavyo kila asomaye Torati, yawakataza hata damu ya mnyama. Papa Innocent wa Nne aliikana tuhuma hiyo kwa waraka mwaka 1247. Haikusaidia. Mshairi Chaucer aliitia katika hadithi zake; mwaka 1840 ilizuka Damascus; mwaka 1903, katika mji wa Kishinev, ilikuwa miongoni mwa sababu za watu kuvamia nyumba za Wayahudi na kuwaua makumi yao.

Enyi watu wa Maniema, tuhuma hii sisi twaijua. Kusema ya kwamba jirani anakunywa damu au anakula nyama ya watu ni kumwondoa katika ubinadamu kwa neno moja, ili kila atakalotendewa baadaye lionekane kuwa ni kujilinda. Kwa hiyo ikiwa pana watu duniani wapaswao kushituka wasikiapo uwongo huu ukisemwa juu ya Wayahudi, basi ni sisi.

Sura ya pili, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika fasihi, ni ile ya mkopeshaji fedha mwenye roho ngumu. Mfalme Edward wa Kwanza aliwafukuza Wayahudi wote katika Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa kukaa tena kwa dhahiri mpaka mwaka 1656. Katika muda huo wa zaidi ya miaka 360 ndimo Marlowe alimoandika mchezo wa Myahudi wa Malta, na ndimo Shakespeare, karibu na mwaka 1596, alimoandika mchezo wa mfanyabiashara wa Venisi. Waliokwenda kutazama michezo hiyo, isipokuwa wachache sana, hawakuwa wamepata kukutana na Myahudi anayeishi Uyahudi wake waziwazi. Walimjua Myahudi kwa njia ileile ambayo msomaji wa London alimjua Mmanyema, yaani kwa kuambiwa.

Na je, ukopeshaji wenyewe ulikuwa uwongo? La, haukuwa uwongo, na hapa yatupasa kusimama kidogo, maana taswira za namna hii aghalabu hazijengwi kwa uwongo mtupu, bali hujengwa juu ya ukweli mmoja uliong'olewa mahali pake. Kanisa la zama zile lilimkataza Mkristo kumtoza riba Mkristo mwenziwe. Mahali pengi sheria zilimnyima Myahudi shamba, zikamnyima pia nafasi katika vyama vya mafundi. Kazi chache zilizobaki wazi mbele yake zilikuwa pamoja na biashara ndogo na kukopesha. Katika Venisi yenyewe, ambako tangu mwaka 1516 Wayahudi walifungiwa usiku katika mtaa wao ulioitwa Ghetto, serikali iliwawekea sharti, ili waruhusiwe kukaa, ya kuendesha maduka ya rehani kwa ajili ya maskini wa mji, na kiwango cha faida wakakipanga watawala. Mtu anasukumwa katika kazi kwa amri, halafu anachekwa na kuchukiwa kwa kazi hiyohiyo. Nasi tumeyaona kama hayo: utawala wa Kibelgiji ulimzuia baba yetu kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu, ukamnyima shule ya juu mpaka miaka ya mwisho kabla ya Uhuru, kisha ukaandika vitabuni ya kuwa Mkongo ni mtoto asiyefikia utu uzima.

Mchezo huo wa Shakespeare una makao katika lugha yetu. Mwalimu Julius Nyerere, hali yu Rais wa Tanzania, aliufasiri kwa Kiswahili, ukatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Na sisi ambao Kiswahili kilitufikia kwa misafara iliyotoka pwani hatuna sababu ya kukihesabu kitabu kile kuwa ni cha wengine. Msomaji wa wakati ule, aliyekuwa akifundishwa kila siku ubaya wa unyonyaji, aliweza kuona katika mchezo ule ubepari wa wote, wa Myahudi Shylock aliyeishi kwa riba na wa Wakristo waliojaza merikebu mali na kununua watumwa, jambo ambalo Shylock mwenyewe anawakumbusha mbele ya mahakama. Lakini mwanafunzi asiyepewa historia hufunga kitabu akiwa amebaki na jambo moja tu, kwamba Myahudi alitaka ratili ya nyama ya mwili wa mtu. Tazameni basi: nyama ya mtu tena! Tuhuma ya Norwich imevaa nguo za mahakama na mikataba, na haikubadilika ndani.

Hata hivyo nisingependa mtu aondoke hapa akidhani ya kuwa nasema kitabu kile kitupwe. Shakespeare alikuwa na kipaji kikubwa kuliko chuki za zama zake, na katikati ya mchezo alimpa Shylock maneno ya kuwauliza wanaomtesa kama mwili wake hauumii kama yao, maneno ambayo mteswa wa taifa lolote aweza kuyafanya yake. Na mwishoni, Shylock anaponyang'anywa mali na kulazimishwa kubatizwa, mtazamaji wa zamani alicheka akadhani haki imetendeka, lakini msomaji wa leo mwenye adili huona ya kwamba mtu mmoja amevuliwa dini yake kwa nguvu mbele ya umati unaoshangilia. Kitabu ni kilekile; elimu ya msomaji ndiyo inayoamua atakachotoka nacho. Ndiyo maana Manazi nao waliuchezesha mchezo huu majukwaani mwao, hata Vienna mwaka 1943, wakimfanya Shylock kinyago cha kuchukiza, na Wayahudi wa mji huo wengi wao wamekwisha kupelekwa mautini. Na Nairobi leo, mkopeshaji wa mtaani anayewaumiza watu kwa riba huitwa shylock, hata magazetini, ingawa mkopeshaji huyo ni mwananchi kama wakopaji wake. Jina la Myahudi wa kubuni limekuwa lakabu ya dhambi isiyo na kabila.

Mwandishi naye aweza kutubu. Charles Dickens, katika Oliver Twist, alimchora mzee Fagin, mfunzaji wa wezi, na kurasa hata kurasa alimwita Myahudi badala ya kumwita kwa jina lake. Mwaka 1863 mama mmoja wa Kiyahudi, Eliza Davis, alimwandikia barua ya adabu akimweleza ya kuwa amewadhulumu watu wake. Dickens kwanza alijitetea, lakini maneno yalimwingia. Katika riwaya iliyofuata alimtia mzee wa Kiyahudi mwema, jina lake Riah, na kitabu cha Fagin kilipochapishwa upya mwaka 1867 alifuta sehemu kubwa ya mahali alipoandika Myahudi, akaacha jina la mtu.

Kutoka Uingereza na tuhamie Ubelgiji, maana huko yupo mchoraji ambaye habari zake zatugusa sisi na wao kwa mkono mmoja. Hergé alianza mwaka 1930 kuchora katika gazeti la watoto safari ya Tintin nchini Kongo, na humo Wakongo walichorwa kwa midomo mikubwa na macho ya kushangaa, wavivu, wasemao Kifaransa kilichovunjika, wakimsujudia mgeni kijana na mbwa wake. Mwaka 2007 mwanafunzi wa Kikongo aliyekuwa Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishitaki kitabu kile, na mahakama ikamkatalia mwaka 2012. Ingawa alishindwa, aliifanya Ulaya ikitazame upya. Lakini wachache miongoni mwetu wanajua ya kwamba mchoraji huyohuyo, katika miaka ya 1941 na 1942, Ubelgiji ikiwa chini ya Wajerumani, alichapisha katika gazeti la Le Soir kisa cha nyota yenye maajabu, na mhalifu mkuu wa kisa kile akamfanya kuwa mwenye benki, mwenye pua kubwa na sigara, jina lake Blumenstein, jina la Kiyahudi. Na katika gazeti aliwatia pia Wayahudi wawili wafanyabiashara wanaofurahia kwisha kwa dunia, kwa kuwa hawatalipa madeni yao. Baada ya vita lile jina lilibadilishwa. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1942, na mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, magarimoshi yalianza kuondoka Mechelen kuwapeleka Wayahudi wa Ubelgiji Auschwitz, wakapelekwa zaidi ya 25,000, na waliorudi hawakufika 2,000. Katika miaka hiyohiyo baba zetu hapa Kalima walikuwa wakiharakishwa katika machimbo ya kampuni ya Symétain, na bati walilochimba likienda kwa mataifa yaliyompiga vita Hitler. Sisemi kwamba kalamu ya Hergé iliua mtu. Nasema kwamba mtoto aliyecheka picha ya Mkongo, kisha akacheka picha ya Myahudi, alifundishwa mapema kutoshangaa atakapoona jirani yake anachukuliwa.

Na Kongo pia imekuwa na Wayahudi wake, watu wenye majina na nyumba. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 walikuja Katanga Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, wasemao Kihispania cha mababu zao waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Wengi walianza kwa maduka madogo, wakajenga sinagogi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1930, na tangu mwaka 1937 wakawa na rabi Moïse Levy, aliyewaongoza kwa makumi ya miaka. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya ndugu zao waliobaki Rhodes, wapatao 1,700, wakawasafirisha kwa mashua na kwa garimoshi hata Auschwitz, wakaokoka kiasi cha 150. Walikuwapo basi katika Lubumbashi wenye maduka waliofungua milango kila asubuhi hali wamefiwa na ukoo mzima, na mteja asijue kitu. Wengi wao waliondoka baada ya Uhuru, na baada ya maduka ya wageni kutwaliwa kwa amri ya Mobutu ya mwezi wa Novemba 1973.

Wasikilizaji wangu, yapo mambo yanayotuhadaa zaidi kuliko matusi, nayo ni sifa. Katika makanisa yetu mengi, na katika mazungumzo ya vijana wenye simu, Myahudi husifiwa kuwa ni mwenye akili kupita watu wote, tajiri kwa kuzaliwa, mshikaji wa siri za fedha za dunia. Wenye kusema hivyo hudhani wanawaheshimu Wayahudi, kumbe wanarudia sura ileile ya Blumenstein, ila wameitazama kwa jicho la tamaa badala ya jicho la husuda. Na tamaa na husuda hukaa nyumba moja. Ushahidi tunao hapahapa nchini. Wabelgiji waliwaita Waluba wa Kasai kuwa ni Wayahudi wa Afrika, kwa bidii yao ya shule na biashara, na Waluba wenyewe baadhi yao wakalipokea jina hilo kwa fahari. Kuanzia mwaka 1992, katika Katanga, sifa iligeuka kuwa shitaka: wakaambiwa wamejaza kazi zote, wamenyonya nchi ya watu, na laki kadhaa za watu wakafukuzwa, wakilala vituoni wakingoja garimoshi, na wengi, hasa watoto, wakafa. Watutsi nao waliandikwa na wakoloni kuwa ni watu waliotoka mbali, wenye akili za kutawala, kizazi cha Hamu. Na redio ya RTLM ya Kigali, katika miaka ya 1993 na 1994, ilifanya kila siku kazi ya kuugeuza utukufu huo wa kubuni kuwa hukumu ya kifo. Mwenye kusema redioni hana ruhusa ya kulisahau hilo.

Atakayetaka kuivunja sura ile na avuke mpaka aende Mbale, mashariki ya Uganda. Huko, mwaka 1919, Semei Kakungulu aliingia na wafuasi wake katika dini ya Kiyahudi, nao huitwa Abayudaya. Ni wakulima wa kahawa na ndizi, weusi kama sisi, na utajiri hawana. Idi Amin, ambaye mwezi wa Septemba 1972 alipeleka simu ya maandishi Umoja wa Mataifa kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi, aliwakataza ibada yao, wakasali kwa siri mpaka alipoanguka mwaka 1979. Mwaka 2004 waliunda pamoja na jirani zao Wakristo na Waislamu ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera. Mwenye kuamini kwamba kila Myahudi ana benki, na awaulize hao bei ya kahawa mbichi.

Tufanye nini basi? Mwalimu anayefundisha Shylock afundishe pamoja naye mwaka 1290 na Ghetto ya mwaka 1516, kama vile mchimbaji wetu hasafirishi mchanga pamoja na bati bali husuuza kwanza. Mhubiri anayesimulia mateso ya Yesu siku ya Ijumaa Kuu akumbuke ya kuwa Yesu, Mariamu na mitume walikuwa Wayahudi, na kwamba Mtaguso wa Vatikano, kwa tamko la Oktoba 1965, ulikataza kuwatwika Wayahudi wote lawama ya kifo chake. Na shehe naye ana hoja katika sura ya Al-Imran, isemayo ya kuwa Watu wa Kitabu si wote hali moja. Mwenye uchungu na matendo ya serikali ya Israeli ana haki ya kuyasema, kama tusemavyo ya serikali yoyote, maadamu anashitaki tendo na mtendaji, asishitaki damu ya watu walio Mbale au Lubumbashi. Na kijana anayepokea kwenye simu maandiko ya kwamba Wayahudi waliketi kwa siri kugawana dunia, ajue ya kuwa waraka huo ulighushiwa Urusi mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwamba gazeti la The Times la London lilionyesha ughushi wake waziwazi mwaka 1921.

Sisi tuliodai, na tunaoendelea kudai, kwamba Mmanyema asihukumiwe kwa kitabu cha msafiri, hatuwezi kumhukumu Myahudi kwa kitabu cha mshairi na dai letu likabaki na nguvu. Haki hiyo ni moja: ama tunaipigania kwa ajili ya wote, ama tunaipoteza pamoja nao. Kila mmoja wetu ana neno analolisema shuleni, sokoni au nyumbani mbele ya watoto kuhusu watu asiowajua. Na alichunguze neno hilo kabla halijatoka, kwa insafu ileile anayoitaka kwa wenziwe.